Jangwa Lina Wenyewe

Mashariki ya Oman, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka Maskati, mchanga unaanza ukingoni mwa mji wa Bidiya na hauishi mpaka karibu na Bahari ya Arabuni. Ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500. Serikali inaliita mchanga wa Sharqiya, na wengi wetu bado tunaliita Wahiba, kwa jina la kabila la Mabedui waliochunga humo tangu zamani. Kuanzia Oktoba hadi Machi, joto linapopungua, wageni kutoka Ulaya, Asia na nchi za Ghuba huja kupandishwa matuta kwa magari, kuteleza kwa mbao, kuendesha pikipiki za magurudumu manne, kupanda ngamia na kulala kambini. Mimi ni mmoja wa Waswahili ambao familia zao zilirudi Oman kutoka Afrika Mashariki, na miaka niliyoishi karibu na biashara hii imenifundisha jambo moja ninalotaka kulitetea hapa. Thamani ya safari ya jangwani haitoki kwenye mashine wala kwenye urefu wa tuta. Inatoka kwenye maarifa ya watu wanaolijua jangwa hilo. Kwa kuwa ni hivyo, ajira peke yake haiwatoshi watu hao. Ni lazima wawe na neno la mwisho kuhusu nani aingie, lini, kwa njia ipi na kwa idadi gani.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa upepo uliojenga mchanga huu, kwani ni kusi. Upepo uleule uliokuwa ukiyarudisha majahazi kutoka Unguja na Lamu hadi bandari ya Sur ndio uliosukuma mchanga kutoka upande wa bahari kwa maelfu ya miaka, ukaupanga kwa matuta marefu yaliyolala kutoka kusini kwenda kaskazini, mengine yakikaribia mita 100 kwenda juu. Uhusiano wetu na mahali hapa umepita hapo kwenye upepo. Koo nyingi za miji ya Ibra na Bidiya zilikuwa na ndugu Unguja, Pemba na bara, na baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964, hasa tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, wengi walirudi na Kiswahili chao. Bahari ileile huleta ukungu na umande, ndiyo maana mchanga huu una uhai kuliko mgeni anavyodhani. Watafiti wa Royal Geographical Society ya Uingereza waliofanya kazi humo kati ya 1985 na 1987 waliorodhesha aina zipatazo 150 za mimea. Ukingo wa mashariki una msitu wa miti ya ghaf, ambayo mizizi yake hushuka makumi ya mita kutafuta maji, na vivulini mwake familia za Mabedui zimekuwa zikipiga kambi na kulisha mbuzi na ngamia. Kwa hiyo anayelitangaza jangwa kuwa hamna kitu wala mtu anauza uongo, na uongo huo una madhara yake: mahali panaposemwa hapana mtu, hapana wa kuombwa ruhusa.

Tuitazame kwanza kazi ya kupanda matuta kwa gari, maana ndiyo shughuli inayoonekana kuwa ya mashine zaidi kuliko zote. Kabla ya kuingia mchangani dereva hupunguza upepo wa tairi hadi karibu nusu ya ule wa barabarani, ili tairi litanuke na uzito wa gari usambae. Anajua kwamba mchanga wa alfajiri, uliopoa na kushikana kwa umande, unabeba gari, na kwamba mchanga wa adhuhuri unalimeza. Anajua kwamba tuta lina pande mbili zisizofanana. Upande unaopigwa na upepo ni mgumu na umeinama kidogo. Upande wa pili, ambako mchanga humwagika wenyewe, husimama kwa mwinamo wa nyuzi 33 hivi na ni laini mpaka chini. Upande huo huteremkwa kwa kunyoosha, na anayeukata kwa ubavu hujitafutia kupinduka. Anajua pia kwamba kilele hakikai mahali pamoja, kwa hiyo njia iliyokuwa salama msimu uliopita inaweza leo kuishia kwenye mporomoko. Maarifa haya hayauzwi pamoja na gari. Ukimwondoa mtu anayeusoma mchanga, gari lenye nguvu huwa la hatari kuliko lililo dhaifu, kwa sababu linamfikisha asiyejua mbali zaidi, mahali ambapo lile dhaifu lisingefika kwa kuwa lingekwama mapema.

Shughuli nyingine ziko vivyo hivyo. Mtu anayetembea kwenye jua kali anaweza kupoteza lita nzima ya jasho au zaidi kwa saa moja, na kwa kuwa hewa ni kavu jasho hukauka kabla hajaliona, akadhani hajapungukiwa na maji. Anayeongoza msafara hutazama midomo ya mgeni, mwendo wake na majibu yake, kisha huamua kama safari iendelee. Hali ni nzito zaidi kwenye makorongo ya milimani, ambako wageni hupenda kwenda kuogelea na kupanda miamba wakiwa njiani kuelekea mchangani. Mvua inaweza kunyesha mbali juu ya milima na maji yakafika chini kukiwa na jua. Aprili 2024 mafuriko katika mkoa wa Sharqiya Kaskazini yaliua watu kadhaa, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari lililosombwa, na hao walikuwa wenyeji katika maisha yao ya kila siku, wala si watalii. Katika mazingira kama hayo, ujuzi mkubwa kuliko wote ni kujua wakati wa kusema hapana. Lakini kusema hapana kunahitaji mamlaka. Kiongozi anayelipwa kwa safari, na ofisi iliyo mjini ikiwa imeshapokea fedha za mgeni, akikataa kwenda hupoteza malipo yake, na kesho huitwa mwingine asiyekataa. Anaweza kuwa na maarifa yote ya jangwa na bado maarifa hayo yasimwokoe mtu, kwa sababu uamuzi haumo mikononi mwake.

Tukitoka kwenye usalama wa watu tukaja kwenye mazingira, wako watakaosema kwamba hakuna cha kuhofia, kwani upepo hufuta kila alama na kesho tuta ni jipya. Kwenye kilele cha tuta linalohama wanasema kweli, na ndiyo maana sipingi magari kupanda matuta. Ila jangwa si matuta matupu. Kati ya tuta na tuta kuna nyanda za changarawe, ngozi nyembamba ya udongo ulioshikana, vichaka na maeneo ya ghaf, na huko upepo haufuti chochote. Ushahidi ulio wazi zaidi uko Namibia. Kwenye pwani ya Swakopmund na Walvis Bay, magari na pikipiki za magurudumu manne zilizunguka kwa miaka mingi kwenye nyanda za changarawe ambako buabua wadogo wa Damara hutaga yai lao moja ardhini bila kujenga kiota cha kuonekana, na ambako likeni, viumbe vinavyofanana na ukoga, hushika mawe na kukua polepole mno. Alama za magurudumu kwenye nyanda hizo hudumu kwa makumi ya miaka. Mwaka 2010 serikali ya Namibia ililitangaza eneo hilo kuwa Hifadhi ya Taifa ya Dorob na kuanza kutenga sehemu za magari na sehemu za ndege. Wageni wanaendelea kuja na kufurahia matuta. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mstari kati ya mahali panapovumilia gurudumu na mahali pasipolivumilia, na mstari huo hauwezi kuchorwa na mtu asiyeijua ardhi hatua kwa hatua.

Hapa kwetu Oman tunalo somo zito zaidi kuhusu nani achore mstari. Choroa wa Arabuni, yule mweupe mwenye pembe ndefu, aliuawa hadi akatoweka porini, na wa mwisho wa porini waliuawa mwaka 1972 katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, kusini-magharibi mwa mchanga wetu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, wanyama waliozalishwa katika hifadhi za nje waliachiliwa tena kwenye uwanda huohuo, na watu wa kabila la Waharasis wakaajiriwa kuwa walinzi. Mradi ulisifiwa duniani kote. Mwaka 1994 UNESCO iliitia hifadhi ya choroa hao katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kufikia 1996 choroa walikuwa wapatao 450. Kisha majangili wakaanza kuwakamata wakiwa hai ili wauzwe kwa watu binafsi wanaofuga wanyama adimu. Kufikia 2007 walibaki 65 tu, na mwaka huohuo, baada ya serikali kupunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, UNESCO iliifuta kwenye orodha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahali popote duniani kufutwa kwenye orodha hiyo.

Ni rahisi kueleza kisa hiki kwa tamaa ya majangili na kuishia hapo. Mwanaanthropolojia Dawn Chatty, aliyefanya kazi na Waharasis tangu mapema miaka ya 1980, aliona udhaifu mapema kabla hifadhi haijaanguka. Aliandika kwamba waliopanga mradi waliwachukulia wachungaji hao kama nguvu kazi, wala hawakuwashirikisha kama wenye eneo. Waharasis walipata mishahara, magari na sare, lakini mipaka, masharti ya malisho na mustakabali wa ardhi vilijadiliwa mahali pengine. Walinzi wachache katika uwanda wa maelfu ya kilomita za mraba hawawezi kuzuia magari ya majangili kama jamii nzima haijaona kwamba hasara ya mnyama ni hasara yake. Kisa hiki kinahusu wanyama, lakini mimi nakisoma kama onyo kwa utalii, kwa sababu muundo ni uleule. Kambi ya watalii inayomwajiri Bedui kuongoza ngamia na kummiminia mgeni kahawa, huku ikikata kuni za ghaf bila kumuuliza na kupitisha magari kwenye malisho ya mbuzi wake, inampa mshahara na kumnyima sauti. Mshahara hukoma msimu unapokwisha, na madhara hubaki kwenye ardhi.

Pingamizi jingine linatoka kwa watu wanaolijua jangwa vizuri, nalo linastahili jibu la makini. Wanasema tunawapamba Mabedui kwa picha za zamani. Bedui wa leo anaendesha gari la mizigo la Kijapani, watoto wake wanasoma mjini, na ni yeye mwenyewe anayekodisha pikipiki kwa wageni. Ni kweli kabisa. Magari yaliingia kwa wachungaji wa Oman tangu miaka ya 1970 na yakachukua nafasi ya ngamia wa kubeba mizigo ndani ya muda mfupi. Lakini pingamizi hilo linaiimarisha hoja yangu. Maarifa ya jangwa hayakuwa mwilini mwa ngamia. Bedui alipopata gari alilipeleka kwa kuusoma mchanga uleule aliokuwa akiusoma juu ya mnyama, na akamhifadhi ngamia kwa kazi nyingine: maziwa, heshima na mashindano ya mbio, ambayo Bidiya inasifika kwayo na ambayo UNESCO iliyatambua mwaka 2020 kama urithi wa Oman na Falme za Kiarabu. Mtu aliyeweza kubadilisha chombo bila kupoteza maarifa hahitaji mtu wa nje kumwamulia kama pikipiki ni mila au si mila. Anahitaji haki ya kuamua pikipiki zipite wapi na zisipite wapi. Sitetei jangwa la picha za zamani. Natetea madaraka ya watu walio hai, wenye simu mkononi na ada za shule za kulipa.

Pingamizi la fedha ndilo linalosikika zaidi ofisini. Ukiweka mipaka, wanasema, wageni watakwenda Dubai ambako hakuna anayewawekea masharti. Ukweli ni kwamba Dubai yenyewe ina masharti. Mwaka 2003 emirati hiyo ilianzisha hifadhi ya jangwa ya kilomita za mraba 225, ambamo kampuni zilizoidhinishwa tu ndizo huingiza wageni na magari hufuata njia zilizopangwa, na safari za humo ni miongoni mwa zile zinazouzwa kwa bei ya juu. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali hulipa zaidi anapohakikishiwa kwamba atamwona swala, kwamba hatakutana na foleni ya magari juu ya tuta, na kwamba anayemwongoza anajua anachokifanya. Biashara ya wingi na bei ya chini ndiyo inayojiua, kwa sababu kambi zinashindana kwa kupunguza bei, bei ikishuka mishahara inashuka, mishahara ikishuka waongozaji wenye ujuzi wanaondoka, na ajali zinaanza kufukuza wageni. Kijana wa Bidiya hafaidiki na mnyororo huo. Anafaidika pale ujuzi wake unapokuwa adimu, unapotambuliwa na unapolipiwa.

Swali gumu kuliko yote kwangu ni hili: hao wenyeji ni nani? Ukisema jamii iamue, je, si mzee mmoja mwenye sauti atakayechukua ada zote, na wanawake wanaosuka na kulisha mbuzi wasipate kitu? Hatari hiyo ipo, na kuificha hakutasaidia. Jibu zuri ninalolijua linatoka tena Namibia. Sheria ya mwaka 1996 iliruhusu wakazi wa ardhi za jamii kusajili eneo lao kuwa hifadhi yao, kwa masharti: wakubaliane mipaka na majirani, waandikishe wanachama, wachague kamati, wawe na katiba na waseme mapato yatagawanywa vipi. Leo hifadhi hizo ni zaidi ya 80. Torra, katika ardhi kame ya kaskazini-magharibi, ilisajiliwa mwaka 1998 na iliingia mkataba na kampuni ya kitalii uliowapa wakazi mgawo wa mapato pamoja na ajira, katika nchi ya tembo na vifaru wa jangwani. Mikutano yao ina ugomvi na malalamiko kama mikutano yoyote ya watu. Lakini mtu anayelalamika ana daftari la kulalamikia, kamati ya kuihoji na uchaguzi wa kuiondoa. Serikali nayo haijapoteza kazi: viwango vya usalama, bima, leseni za waongozaji na huduma za uokoaji haviwezi kuachiwa kijiji. Kinachogawanywa ni madaraka ya kila siku juu ya ardhi, na wa kuyashika ni yule anayeamka juu yake kila siku.

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu nadhani faida yake kubwa inaweza kuwa Kenya. Jangwa la Chalbi, kati ya Marsabit na Ziwa Turkana, lina uwanda wa chumvi mweupe, chemchemi za Kalacha na North Horr, na Wagabra ambao elimu yao ya ngamia, maji na nyota ni sawa na ya jamii yoyote ya jangwani duniani. Kwa muda mrefu umbali ndio uliolilinda. Sasa barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale inapita Marsabit, mashindano ya ngamia ya Maralal yanajulikana tangu 1990, tamasha la utamaduni la Loiyangalani linavuta wageni tangu 2008, na magari ya safari za kusisimua yanaweza kufika Chalbi kwa urahisi ambao haukuwepo kizazi kimoja nyuma. Kenya ina jambo ambalo Oman ya miaka ya 1980 haikuwa nalo: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, inayoziwezesha jamii kusajili ardhi yao kwa jina lao. Usajili huo ukitangulia kambi, Mgabra ataingia kwenye mazungumzo akiwa mwenye eneo. Kambi zikitangulia, ataitwa baadaye kuja kucheza ngoma jioni na kushika kamba ya ngamia. Uwanda wa chumvi, tofauti na tuta, hauponi haraka ukikatwa na magurudumu msimu wa mvua. Kuchelewa kwa miaka michache kunaweza kuacha alama za kizazi kizima.

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nauchukua msemo huo kama kipimo cha kazi hii yote. Mwenyeji haponi kwa bakshishi. Anapona malisho yake yakibaki, visima vyake vikibaki vyake, na mtoto wake akiona kwamba kuyajua matuta ni elimu inayolisha nyumba sawa na cheti cha mjini. Kwa hiyo ninayoyadai ni machache na yanawezekana. Kila shughuli ya magari iwe na njia zilizochorwa pamoja na wachungaji wa eneo hilo na kupitiwa upya kila msimu. Kiongozi awe na haki iliyoandikwa kwenye mkataba ya kuahirisha safari kwa sababu ya joto, upepo au mvua ya milimani, bila kupoteza malipo yake. Sehemu ya ada ya kila mgeni iende kwa chombo kilichochaguliwa na wakazi, na hesabu zake zisomwe hadharani. Na mgeni mwenyewe, kabla hajalipa, aulize maswali mawili: nani ataniongoza, na je, ana uwezo wa kunikatalia? Akijibiwa kwamba kiongozi ni mtu wa hapo na kwamba neno lake ni la mwisho, alipe bei anayotajiwa na asiidai ipunguzwe. Asipopata jibu hilo, atafute kambi nyingine, kwa ajili ya usalama wake na kwa ajili ya wale watakaobaki jangwani yeye akisharudi kwao.